Kidole Gumba cha Mbega wa Irangwe

Fungeni kamba za viatu huku mnasikiliza, maana jua halitusubiri. Niitikieni nianze, msiponiitikia mtaupanda mlima huu bila kujua mnakanyaga nyayo za nani. Haya, mmeitikia vizuri, hasa huyo kaka wa kofia nyekundu. Wageni huniita Bibi Nambike. Nimewapandisha watu Irangwe tangu magoti yangu yakiwa mapya, na kila kundi lina mmoja wa kuniuliza kabla hata hatujaanza: Bibi, mbona njia haiendi moja kwa moja? Mbona inakwenda kushoto, inarudi kulia, tena kushoto, na kilele kinaonekana pale pale? Leo nawajibu nyote kwa pamoja, na habari za mbega nitazieleza humo humo, kwa sababu mambo haya yalizaliwa siku moja.

Zamani zile mlima huu haukuwa na njia hata moja. Msitu ulianza pale mashamba yalipoishia, ukapanda hadi ukamezwa na ukungu, na watu waliokaa hapa chini, upande huu wa machweo, waliutazama tu. Waliokota kuni pembezoni, wakatundika mizinga ya nyuki kwenye miti ya mwanzo, wakarudi nyumbani. Hondohondo walipita juu na mabawa yao ya kelele. Perere, yule mnyama mdogo wa mitini, alilia usiku kama mtu aliyebanwa kidole na mlango, na chui aliacha nyayo zake matopeni ili kila mtu ajue kwamba mwenyewe yupo. Kileleni hakuna aliyewahi kufika, na hakuna aliyekuwa na shida ya kufika.

Mbega naye hakuwa huyu mnayemjua. Alikuwa na rangi ya kahawia iliyochujuka, rangi ya mkeka uliosahauliwa juani, na mikononi alikuwa na vidole kamili kama mimi na wewe. Kidole gumba ndicho kilichomfanya mwizi hodari. Alimenya ndizi bila haraka. Alifungua fundo la kamba ya ghala. Alifunua chungu cha makande, akala, akakifunika tena vizuri, na mwenye makande akirudi alidhani ni watoto. Watoto wengi wa Irangwe walichapwa kwa makosa ya mbega.

Sasa kuna adabu moja lazima muijue, la sivyo hamtaelewa kitu: adabu ya ukwe. Siku hizi nawaona mnapiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana, nami sisemi neno. Lakini siku zile mkwe wa kiume na mama mkwe hawakupita njia moja. Wakikutana, kijana aliingia kichakani, akageuza uso, akangoja mpaka mama apite. Hakuruhusiwa kumpa mgongo, kwa hiyo hakuweza kumtangulia. Wala hakuruhusiwa kumtazama mgongo, kwa hiyo hakuweza kumfuata. Kitu hakikutoka mkononi mwa mmoja kikaingia mkononi mwa mwingine. Kiliwekwa chini, mwenyewe akaondoka, ndipo mwenzake akaja kukichukua.

Na wakilazimika kuzungumza, kila mmoja alikisemesha kitu kingine kilichokuwa karibu. "Ewe mbuzi, mwambie aliye nje kwamba uji umeiva." Aliye nje alikuwa amesikia vizuri kabisa, lakini alijitia kungoja mbuzi amfikishie habari. Mnacheka, eh? Ilikuwa heshima, na watu waliipenda, na nyumba nyingi zilitulia kwa sababu yake.

Basi mwaka mmoja mvua ikakataa. Ikakataa tena mwaka uliofuata. Chemchemi tuliyokuwa tukiitegemea ikageuka matope, matope yakageuka vumbi. Hapakuwa na muda wa mjadala mrefu. Akina mama wenye watoto wadogo walikusanya mbuzi waliobaki, wakauzunguka mlima kwenda upande wa mawio kutafuta maji, mwendo wa siku nyingi. Wazee na vijana wenye nguvu wakabaki hapa kuchimba.

Kabla ya kuachana walipatana hivi. Mwezi mpya ukiandama, kesho yake asubuhi wale waliokwenda watawasha moshi huko bondeni watakakokuwa. Ikiwa nyumbani maji yamepatikana, moshi ule utajibiwa kutoka kilele cha Irangwe, nao watarudi. Jua likifika utosini bila jibu, watajua kwamba nyumbani hakuna cha kurudia, na wataendelea mbele, huko nyikani ambako hakuna aliyejua mwisho wake. Kusema "kutoka kileleni" ni rahisi sana mtu akiwa amesimama chini na mizigo kichwani. Hakuna aliyeuliza nani atapanda.

Miongoni mwa waliokwenda alikuwamo Namkunda, na mtoto wake wa kwanza mgongoni, ambaye hata jino hajaota. Mume wake, Mcharo, alibaki kuchimba. Nakijwa, mama yake Namkunda, alibaki pia, kwa kuwa alikuwa mwanamke mkubwa kuliko wote kijijini na moto wa kijiji ulikuwa mikononi mwake. Kila mmoja wa hawa wawili aliusindikiza msafara kwa macho, akiwa amesimama upande wake wa uwanja, na kila mmoja alilia bila mwenzake kumtazama.

Wakachimba. Walichimba kisimani, walichimba korongoni, walichimba hata chini ya mazizi. Mcharo alichimba mpaka ngozi ya viganja ikatoka, akaifunga majani, akaendelea. Kila alfajiri alitazama angani kuona mwezi wa zamani umebaki kiasi gani, na hakupata usingizi.

Halafu ikaja siku hiyo! Jua lilikuwa linazama, watu wamekata tamaa, mti wa kuchimbia ukazama kwenye jabali laini hapa chini ya mlima, ukakwama. Wakauvuta kwa pamoja. Ulipotoka, maji yakaufuata. Yaliruka, nawaambia, yakampiga Mcharo kifuani akaanguka chali huku anacheka. Watu walipiga vigelegele, wakajipaka matope, wazee waliokuwa hawaongeleshani kwa miaka wakakumbatiana. Ndipo mtu mmoja akainua macho, akauona mwezi mpya juu ya machweo, mwembamba kama ukucha uliokatwa.

Kelele zikakatika. Mwezi umeandama! Kesho asubuhi ndiyo hiyo hiyo ya moshi! Kwa kuzunguka mlima hakuna mtu wa kuwawahi. Ilibidi kupanda, na ilibidi kupanda alfajiri. Kila mtu akawa anasema kwa wakati mmoja. Moto wa kuwaitia watu nyumbani lazima utoke jiko la nyumbani, na moto wa jiko hubebwa na mwanamke mkubwa, si mwanamume. Nakijwa basi, aende Nakijwa! Na wa kumfyekea njia na kumkusanyia kuni awe mwenye nguvu kuliko wote. Mcharo, nani mwingine, aende Mcharo!

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Katika furaha ile na vurugu ile, hakuna aliyekumbuka kwamba wale wawili ni wakwe. Au walikumbuka, wakasema mlima ni mkubwa, watapishana. Wenyewe walikumbuka vizuri sana, lakini Nakijwa hakuweza kukataa kwenda kumwita binti yake, wala Mcharo hakuweza kukataa kwenda kumwita mke wake na mtoto.

Kulipoanza kupambazuka Mcharo akaingia msituni. Hakuwa na subira hata chembe. Alikwenda juu moja kwa moja, panga linaimba, miba inamrarua, anashika mizizi na kujivuta. Nakijwa alimwacha atangulie mbali, kisha akaingia naye. Alivaa ngozi ya mbuzi mweupe, vazi la mwanamke mkubwa, na mikononi alikumbatia chungu chake cha zamani. Ndani ya chungu kulikuwa na makaa yaliyofukiwa majivuni, na juu kifuniko chenye tundu ili moto upate pumzi.

Mama huyu hakupanda moja kwa moja, na si kwa sababu ya uzee peke yake. Alikwenda akielekea kushoto mpaka aliposikia panga la mkwe wake likija karibu juu yake, akashtuka, akageuka kulia. Akaenda kulia, akaliona shuka la Mcharo kati ya miti, akafunika uso, akageuka kushoto. Mawe aliyoyaporomosha kijana yalimpita pembeni, naye akageuka tena. Mara nyingine Mcharo ndiye aliyemwona, akakimbilia kichakani kama aliyemkanyaga nyoka. Kila kona mtakayoipinda leo ni mahali ambapo mama mkwe alimkwepa mkwe wake. Kwa hiyo msizilaani kona zangu, piteni kwa adabu.

Na juu yao, tawi kwa tawi, mbega alikuwa anawafuata. Alikuwa mbega jike, amempakata mtoto kifuani, na alichokuwa anakifuata ni chungu. Chungu kile kilipikiwa makande miaka na miaka kabla ya kupewa kazi ya kubebea moto, na harufu ya maharage ilikuwa imekiingia mpaka mfupani. Mbega alishangaa kidogo kwamba makande yanatoa moshi, lakini njaa ya ukame haikumpa nafasi ya kufikiri. Alingoja tu bibi akiweke chini.

Bibi hakukiweka chini. Walipita miti ya nyuki, wakapita miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, ambako vinyonga wenye pembe puani waliwakodolea jicho moja moja. Wakaingia ukunguni, kila jani linadondosha maji. Funo, paa mdogo wa msituni, alikurupuka miguuni mwa Nakijwa, chungu kikayumba, akakidaka kwa tumbo na kuungua, wala hakukiachia.

Mcharo ndiye aliyetoka kwanza juu ya ukungu. Alipanda mwamba mmoja mtupu uliosimama wima, ambao juu yake ndicho kilele chenyewe, akajivuta ukingoni, akasimama. Enyi watu! Mtaona wenyewe leo, na mimi nimeona mara nyingi na bado moyo hunidunda. Upande wa nyuma ukungu ulikuwa umetanda mweupe, na upande wa mbele hakukuwa na kitu cha kuzuia macho. Nyika ilikwenda mpaka ikakutana na mbingu. Vilima vidogo, mito mikavu, kundi la wanyama likitembea, vyote alivipata kwa mara moja, yeye ambaye maisha yake yote aliishi amekabiliana na ukuta wa msitu. Na katikati ya nyika ile, chini kabisa, ulisimama uzi mmoja wa moshi.

"Wapo!" alipiga kelele. "Namkunda! Wapo! Wapo hai!"

Akacheka, akalia, akarukaruka pale juu peke yake. Halafu akatazama jua, likawa limepanda kuliko alivyodhani. Akakusanya kuni upesi, vichaka vya kileleni na matawi makavu ya chini chini, akayapanga. Akatafuta vijiti, akaanza kupekecha moto. Alipekecha mpaka majeraha ya viganja yakafunguka, lakini umande ulikuwa umeingia kila kijiti, na alichokipata ni jasho. Moshi alikuwa anauona, kuni alikuwa nazo, nguvu alikuwa nazo. Moto ulikuwa nyuma, kwa mtu ambaye hakuweza hata kumtazama.

Nakijwa alifika chini ya ule mwamba akihema. Akaunyanyulia macho, akaona vidole vya miguu vya mkwe wake ukingoni, akageuka haraka akaupa mwamba mgongo. Mcharo naye aligeuza uso kando. Basi wakasimama hivyo, mmoja juu, mmoja chini, kila mtu anatazama kwake. Mwamba ule haupandiki na chungu mikononi. Ulihitaji mtu wa juu aushushe mkono wake, na mkono huo ulikuwa wa mkwe.

"Ewe mwamba," Nakijwa alisema, "mwambie aliye juu, moto umefika."

"Ewe mwamba," Mcharo alijibu, "mwambie aliye chini, moshi wao upo, lakini jua halikai."

"Ewe mwamba, mwambie aliye juu, mwenye moto hawezi kupanda."

"Ewe mwamba, mwambie aliye chini..." Mcharo alianza, akakosa la kuuambia mwamba. Akalia kwa hasira. Kule nyikani watoto wao walikuwa wanaangalia kilele, na hapa watu wawili wazima walikuwa wanazungumza na jiwe.

Mbega aliona muda wake umefika. Bibi amegeuka, mikono imelegea. Akashuka kwenye tawi, akakinyakua chungu, akapachika vidole gumba vyake viwili kwenye tundu la kifuniko ili kisimponyoke, akaruka mtini. Nakijwa alipiga ukunga. Mbega akapanda juu, juu zaidi, na huko ndiko alikogundua kwamba hakuiba makande. Joto lilimshika vidole. Moshi mweusi wa masizi ukamvaa usoni na mwilini. Alijaribu kuvichomoa vidole, vimekwama. Akainua chungu akitaka kukipiga kwenye shina kipasuke, makaa yaporomokee korongoni, yeye apone.

Nakijwa aligeuka. Hakujali tena nani anamwona wala nani yuko juu ya mwamba. Alimwona mtoto wa mbega, amejishikilia manyoya ya mama yake, analia kwa kuogopa moshi.

"Mama mwenzangu, usikitupe!" aliita. "Nakuomba kwa huyo uliyempakata! Mwanangu yuko ng'ambo na mwanawe hajaota jino. Wasipouona moto huo hawarudi tena, watapotelea nyikani. Tazama mwenyewe!"

Mbega akatazama. Kutoka kilele cha mti ule aliona nyika yote, akauona na uzi wa moshi, na ulikuwa umeanza kukonda. Maumivu yalimpanda mpaka mabegani. Alikuwa mwizi, watu walimrushia mawe kila walipomfumania, hakuwa na deni lolote kwao. Lakini alijua uzito wa mtoto kifuani, na alijua sauti ya mama anayeogopa. Akauma meno. Akakiacha chungu na moto wake pale pale vidoleni, akakimbia kwenye tawi hadi ncha yake, akaruka.

Ee, aliruka! Aliruka juu ya pengo kati ya mti na mwamba, na mtoto kifuani na moto mikononi, na Nakijwa aliyekuwa chini alifumba macho asione. Alitua ukingoni mwa mwamba, akatambaa hadi mbele ya Mcharo, akaweka chungu miguuni pake. Alipovuta mikono, vidole gumba havikuja. Vilibaki mle tunduni, vimekuwa mkaa.

Mcharo hakuwa na muda wa kusema ahsante. Alimwaga makaa kwenye kuni, akalala kifudifudi, akapuliza. Moto mdogo ukafufuka, ukalamba jani, na hapo hapo upepo wa kileleni ukaupiga ukalala. Akapuliza tena, upepo ukapiga tena. Akiukinga moto kwa mgongo, hawezi kupuliza. Akipuliza, hakuna wa kuukinga. Mbega alikuwa amejikunja na maumivu yake, hakuwa na mkono wa kusaidia. Makaa yalianza kuingia weusi, moja baada ya jingine, na jua lilikuwa karibu kabisa na utosi. Moto ule ulihitaji watu wawili.

Mcharo akainuka. Akaenda ukingoni, akalala kwa tumbo juu ya mwamba, akamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa Namkunda. Akashangaa, kwa sababu macho yale aliyafahamu. Yalikuwa macho ya mke wake.

"Mama," alisema, "nipe mkono."

Nakijwa alisita. Msimcheke, nanyi mngesita. Hili lilikuwa jambo ambalo mamaye hakulifanya, wala bibi yake, na angeweza kutengwa kwa ajili yake mpaka kufa. Alitazama mkono ule, ngozi imechubuka, damu ya kupekecha haijakauka. Kisha akaushika. Mcharo akavuta, bibi akapanda mwamba kwa miguu mitupu mpaka juu.

Wakapiga magoti, uso kwa uso, vichwa vinakaribia kugongana. Nakijwa alivua ngozi ya mbuzi akaitandaza iwe ukuta wa upepo, Mcharo akapuliza, wakawa wanaambiana bila kupitia kwa mbuzi wala mwamba: pole pole, mwanangu, sogeza hapa, mama, hilo, hilo kavu, leta! Moto ukashika. Wakatupa majani mabichi, na moshi mweupe mzito ukanyanyuka kutoka kilele cha Irangwe, wa kwanza tangu mlima uwe mlima.

Wakageuka kutazama nyika. Uzi wa kule ulikuwa umekatika. Hapakuwa na kitu. Nakijwa akamshika Mcharo mkono tena, bila kufikiri, na wakangoja. Wakangoja. Jua likakaa utosini kabisa.

Halafu kule chini moshi ukalipuka! Haukuwa uzi tena, ulikuwa moshi wa watu waliotupia motoni kila jani walilolishika. Mmoja, na pembeni mwa huo mwingine, na mwingine! Wamejibu! Wameuona! Mcharo na mama mkwe wake walipiga kelele mpaka sauti zikakauka, wakiita majina ambayo hayangeweza kusikika kutoka mbali vile, Namkunda, Namkunda, na la mtoto pia, na walicheza wakizunguka moto, mkwe na mama mkwe, na hondohondo wakaruka kwa hofu kutoka kwenye miti yote ya chini.

Walipotulia wakamkumbuka mbega. Masizi ya chungu yalikuwa yamemgeuza mweusi tititi, na baridi ya kileleni ilikuwa inamtetemesha. Nakijwa alimpaka majivu kwenye majeraha. Kisha aliiokota ngozi yake nyeupe, vazi la heshima alilolingoja maisha yake yote, akamvika mabegani, ikaning'inia mbavuni hadi mkiani, ikamfunika na mtoto kabisa. Hakuvaa tena ngozi nyingine mpaka alipokufa.

Namkunda na wenzake walirudi kwa kuuvuka mlima wenyewe, wakishuka kwa zile kona za Nakijwa, maana njia ya Mcharo ilikuwa ya kuvunja shingo. Alipowakuta mume wake na mama yake wameketi kwenye gogo moja wakimngoja, karibu amwangushe mtoto kwa mshangao. Wazee wa kijiji waliitisha kikao. Wengine walitaka faini, wengine walitaka tambiko, na watoto waliorudi walikuwa wanakimbia katikati ya kikao na kumwagiana maji ya chemchemi mpya, hata wazee wakashindwa kusikilizana. Mwishowe mkubwa wao akasema, "Huku chini mtaendelea kuheshimiana kama wakwe. Mkianza kupanda, mpeane mikono." Wakafunga kikao wakaenda kunywa maji.

Na tangu siku hiyo njia ya Irangwe ina kona, na hakuna aliyewahi kuinyoosha akafika salama. Tangu siku hiyo mbega ni mweusi na joho jeupe mabegani, na mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima. Mtazameni vizuri mkono akipita juu yenu leo: kidole gumba hana. Ndizi hawezi kumenya, fundo hawezi kufungua, basi anakula majani yake huko juu na haingii shambani mwa mtu. Naye akivuka njia, sisi tunasimama mpaka apite na wanawe, maana amevaa vazi la mkubwa.

Haya, simameni, mizigo mgongoni. Mwamba wenyewe tutaufikia kabla ya saa sita. Miaka fulani walikuja watu na vipimo vyao, wakataka kuufungia ngazi ya chuma kwa ajili ya wageni. Tuliwashukuru, tukawapa chai, tukakataa. Kwa hiyo ukifika pale utakwama, hata uwe na mapaja ya namna gani, na juu yako utaona mtu amelala kwa tumbo, amekunyooshea mkono. Pengine humjui. Pengine mmegombana njiani, au kule mjini hamsalimiani.

Usiulize ni mkono wa nani. Ushike, upande.